Manyoya Peke Yake Hayatoshi: Nilivyojifunza Kuwatambua Nondo Marara

Kiwavi wa kwanza niliyemtazama sawasawa alinikuta nimekaa chini, sina haraka ya kwenda popote. Alikatiza njia kwa mwendo wa msafiri aliyechelewa. Nilizoea kuona viwavi wametulia juu ya jani wakitafuna. Huyu alikuwa mbioni, manyoya yake ya kahawia yakipanda na kushuka kama nyasi zinazopepea. Nilimzuia kwa kijiti. Papo hapo akajikunja, kichwa kikakutana na mkia, likabaki duara la manyoya lisilo na mbele wala nyuma. Nikangoja. Baada ya dakika chache duara likalegea, kichwa cheusi kinachong'aa kikachungulia, na mwenyewe akaishika tena njia yake, kuelekea kulekule alikokuwa akienda.

Siku hiyo niliandika kwenye daftari: "kiwavi washa, kahawia, anakimbia." Basi. Nilikua nikisikia kwamba kila kiwavi mwenye manyoya anawasha, na lugha yenyewe inaelekea huko, maana kamusi za zamani zinalipa neno kiwavi maana mbili: mdudu huyu, na pia mmea unaowasha ngozi. Leo nikiusoma ukurasa ule nauona una upungufu mkubwa. Sikuandika kichwa kilikuwa na rangi gani mpaka nilipokumbuka baadaye. Sikutazama manyoya yameota vipi. Sikumpiga picha hata moja. Kiwavi yule hatajulikana kamwe, na ndiye aliyenifanya nianze kuwaangalia wenzake kwa makini.

Nondo ninaowazungumzia ni wa kundi ambalo wataalamu wa wadudu huliita Arctiinae. Zamani lilihesabiwa kuwa familia kamili, Arctiidae, na vitabu vya miaka ya nyuma bado vinalitaja hivyo. Siku hizi limewekwa kuwa nusufamilia ndani ya familia kubwa ya Erebidae. Spishi zake zinazojulikana duniani ni kama 11,000. Jina limetokana na neno la Kigiriki, arktos, lenye maana ya dubu, na dubu anayetajwa hapo ni kiwavi, kwa ajili ya manyoya yake. Nondo mzima naye Waingereza walimpa jina la chui-milia kwa sababu ya mistari na mabaka yake. Mimi humwita nondo marara, kwa neno lilelile lililomo ndani ya simbamarara, na ndivyo nitakavyomwita hapa.

Baada ya kukutana na viwavi marara kadhaa na kuwabeba kiganjani bila kudhurika, nilianza kuamini kwamba manyoya marefu na laini hayana neno. Imani hiyo iliniponza. Alasiri moja nilimwona kiwavi mzuri ajabu kwenye tawi: mgongoni ana vishungi vinne vilivyosimama wima, vinene, vimekatwa sawa juu kama miswaki midogo, kandokando ya kichwa ana mafundo mawili marefu ya nywele nyeusi zilizoelekea mbele. Nilimchukua kwa vidole vitupu. Usiku ule mkono uliwaka, vipele vikatokea katikati ya vidole na kupanda hadi kwenye kiwiko, mahali ambapo sikumbuki hata kumgusisha. Vilikaa siku nne.

Yule hakuwa marara. Alikuwa wa kundi la jirani, Lymantriinae, ambalo nalo limo ndani ya Erebidae. Mkono ulipopoa nilirudi kwenye lile tawi na lenzi ya kukuza mara 10, na kwa mara ya kwanza nilitazama manyoya kama mtu anayesoma maandishi. Viwavi wa Lymantriinae wana alama ambayo ukishaionyeshwa huisahau: mgongoni, karibu na mwisho wa mwili, kuna vitundu viwili vyenye rangi kali, mara nyingi vyekundu au vya machungwa, kila kimoja kwenye pingili yake. Ni tezi. Marara hana vitundu hivyo. Tangu siku ile, kabla sijaangalia kitu kingine chochote, jicho langu huenda kwanza kwenye ule mgongo wa nyuma.

Kisha nikajifunza namna manyoya ya marara yanavyoota. Kwa macho matupu utadhani yametapakaa ovyo, lakini chini ya lenzi kuna mpangilio. Kila pingili ina safu ya vichuguu vidogo vigumu, kama chunjua, na kutoka juu ya kila kichuguu hutoka fungu la vinyweleo vinavyotawanyika pande zote, kama miiba ya nungu aliyekasirika. Mafungu haya hulingana urefu kwa kiasi fulani, hivyo kiwavi huonekana amevaa koti moja toka kichwani hadi mkiani. Kuna familia nyingine, Lasiocampidae, ambao manyoya yao yameshuka pembeni zaidi, yanaligusa gome la mti na kuficha kivuli cha kiwavi mwenyewe, kama shuka linaloning'inia kando ya kitanda. Ukiwaona hao wametulia juu ya gome utawapita bila kujua.

Kwa wenye subira zaidi kuna jambo la miguu. Kiwavi ana jozi tatu za miguu ya kweli kifuani, halafu vijiguu vya nyama tumboni, na chini ya kila kijiguu kuna vikulabu vidogo vya kushikia. Kwa marara wengi vikulabu hivyo hupangwa kwa mstari uliopinda, vya katikati virefu na vya pande zote mbili vifupi ghafla. Nilichukua karibu mwaka mzima kabla sijaviona kwa uhakika. Siri ni kumwacha atembee juu ya kioo safi, nawe utazame kwa chini. Kiwavi akishazoea kioo, utaona kila kijiguu kinafunguka na kufunga kama kiganja cha mtoto mchanga, na vile vikulabu vinang'aa rangi ya kahawia iliyoiva.

Kwa habari ya kuwasha niseme wazi. Viwavi marara wengi hawana sumu ndani ya manyoya, lakini vinyweleo vyenyewe vinaweza kuchoma ngozi laini, kuingia jichoni au kumsumbua mwenye mzio. Mimi simshiki tena kiwavi yeyote kwa mkono mtupu, hata yule ninayemjua kwa jina. Namsukumia juu ya jani, au natumia brashi laini ya rangi. Inamsaidia yeye pia, kwa sababu kiwavi anayetolewa kwa nguvu mahali aliposhikilia anaweza kuumia vijiguu.

Nilipomaliza kujua "huyu ni marara", nilidhani kazi imekwisha. Ndipo nilipoanza kuona ugumu wenyewe, yaani kusema ni marara gani.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mmea. Nilikuwa nimesoma kwamba viwavi wengi huchagua majani, kwa hiyo ukijua mmea umeshajua nusu ya jina. Nikawa naandika kwa bidii: huyu nimemkuta juu ya mmea fulani, yule juu ya mmea fulani. Daftari lilijaa mambo yasiyopatana. Kiwavi wa sura ileile nilimkuta kwenye magugu ya aina tano, kwenye ukuta, na mara moja ndani ya kiatu. Sababu ni kwamba marara wengi hula mimea ya namna nyingi, hasa magugu ya chini, na wakishakomaa huacha chakula kabisa na kuanza kutangatanga wakitafuta mahali pa kujificha ili wageuke. Yule wa siku ya kwanza aliyekuwa anakimbia bila shaka alikuwa katika hali hiyo. Siku hizi siandiki "anakula" mpaka nimeona kwa macho yangu jani likipungua. Nikimkuta amekaa tu, naandika "amekaa".

Wazo la pili lilikuwa rangi, na hilo lilinipotosha zaidi. Kiwavi hujivua ngozi mara kadhaa kabla ya kukomaa, na kila anapojivua anaweza kutoka na sura nyingine. Nilikuwa na picha za viwavi watatu niliowahesabu kuwa spishi tatu: mmoja mdogo wa njano hafifu mwenye nywele chache, mwingine wa kahawia nyepesi mwenye mstari mgongoni, na mwingine karibu mweusi. Nilipomfuga mmoja tangu akiwa mdogo, alizipitia sura zote tatu mbele yangu katika muda usiotimia mwezi.

Mfano maarufu kuliko wote ni Pyrrharctia isabella wa Amerika Kaskazini. Kiwavi wake ni mweusi mbele na nyuma, na katikati ana mkanda wa kahawia nyekundu. Watu wengi kule wameamini kwamba upana wa mkanda unatabiri majira ya baridi: ukiwa mwembamba baridi itakuwa kali, ukiwa mpana itakuwa nafuu. Mwaka 1948, C. H. Curran wa Jumba la Makumbusho la Historia ya Asili mjini New York alikwenda Bear Mountain kuwakusanya na kuhesabu pingili za kahawia, na habari zilizotolewa gazetini zikaupa utabiri huo umaarufu mkubwa. Ila mkanda una maelezo yake: kiwavi anavyokua na kujivua, kahawia inaongezeka na weusi unapungua, na tena hutofautiana baina ya kiwavi na kiwavi. Kwa hiyo mkanda unaeleza zaidi umri na makuzi ya kiwavi mwenyewe. Ajabu ya kweli ya mdudu huyu iko kwingine. Hupitisha baridi akiwa bado kiwavi, na mwili wake hutengeneza gliseroli inayozilinda seli ili asife hata maji ya mwilini yakiganda. Baridi ikiisha anaendelea na safari.

Nikiwa kwenye habari za baridi, kuna mwingine anayechanganywa sana na marara. Ni Gynaephora groenlandica, wa maeneo ya Aktiki, mwenye manyoya mazito, anayechukua takriban miaka 7 kabla ya kuwa nondo kwa sababu majira ya kula kule ni mafupi mno. Watu humwita dubu kama wanavyowaita marara, lakini yumo ndani ya Lymantriinae, pamoja na yule aliyeuchoma mkono wangu. Nilifurahi nilipolijua hilo, kwa kuwa lilinionyesha kwamba koti la manyoya linaweza kuvaliwa na koo mbalimbali.

Basi nikaamua kufuga. Niliona hakuna njia nyingine ya uhakika ya kuunganisha kiwavi na nondo wake: umtunze mmoja mpaka atoke na mabawa.

Chombo changu ni chupa pana ya kioo, mdomo umefungwa kwa kitambaa chembamba, chini nimetandika karatasi. Karatasi hubadilishwa kila siku kwa sababu ya vinyesi, na vinyesi hivyo vina habari zake: vikiwa vikavu na vya duara mambo ni mazuri, vikiwa majimaji kuna tatizo. Majani huwekwa mabichi lakini yasiwe na matone ya maji, maana unyevu uliofungiwa huleta ukungu, na ukungu huua haraka kuliko njaa. Nilipoteza wawili wa mwanzo kwa kuwamiminia maji kwa huruma.

Wa tatu alikula vizuri, akanenepa, akajivua ngozi mara mbili. Siku moja akaacha kula. Nikafurahi, nikidhani anajitayarisha kugeuka. Asubuhi iliyofuata alikuwa amelala ubavu, mwembamba kama soksi iliyovuliwa, na pembeni yake kulikuwa na vitu vinne vya kahawia, laini, vya umbo la punje. Niliviacha. Baada ya wiki mbili hivi, ndani ya chupa yangu walikuwa wanaruka nzi wanne wenye nywele ngumu mgongoni.

Ni nzi wa familia ya Tachinidae. Jike hutaga mayai juu ya kiwavi, funza huingia ndani na kumla taratibu, wakianza na sehemu ambazo hazitamuua upesi. Kiwavi anaendelea kula, nawe unaendelea kumletea majani, kumbe unawalisha wao. Nilihuzunika sana, sitaficha. Nilikuwa nimemtunza kwa siku 23.

Lakini huzuni ile ilinifikisha kwenye utafiti mmoja ninaoupenda kuliko yote niliyosoma juu ya wadudu hawa. Mwaka 2009 Michael Singer na wenzake walichapisha matokeo kuhusu kiwavi marara aitwaye Grammia incorrupta. Kiwavi huyu, akishaingiliwa na funza wa nzi, huongeza kula mimea yenye alkaloidi za pirolizidini, kemikali kali ambazo huwaongezea walioambukizwa nafasi ya kupona. Wasio na funza wakila kwa wingi kemikali hizo wanadhurika. Yaani mgonjwa anakwenda kwenye dawa, na mzima anaiacha. Baada ya kusoma hayo niliacha kuweka mmea wa aina moja tu ndani ya chupa. Sasa ninaweka aina tatu au nne nilizozikuta pale nilipomwokota, achague mwenyewe.

Kemikali hizohizo ndizo zinazowafanya nondo wengi wa kundi hili wawe na rangi za kujitangaza. Utetheisa pulchella, anayepatikana Afrika, Asia na kusini mwa Ulaya, ni mweupe mwenye madoa mekundu na meusi yaliyopangwa kama kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Huruka mchana, hasa ukimshtua kwenye majani, anakwenda hatua chache na kutua tena. Kiwavi wake hula mimea kama Heliotropium na marejea, yenye zile alkaloidi, na nondo mzima hubaki nazo mwilini. Ndugu yake wa Amerika, Utetheisa ornatrix, alichunguzwa kwa miaka mingi na Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell. Huko iligundulika kwamba dume humpa jike sehemu ya kinga yake wakati wa kujamiiana, na jike huipitisha kwenye mayai. Buibui wakubwa wanaofuma nyuzi za dhahabu, wakimkuta nondo huyu amenasa kwenye utando, hukata nyuzi zinazomshikilia na kumwachia aende zake.

Mara ya kwanza kumwona pulchella nilikuwa natembea kwenye majani makavu. Nilimwona kwa sekunde mbili, akapotea. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikasimama, nikatazama majani moja baada ya jingine. Alikuwa amejiviringisha mabawa kuzunguka mwili, mwembamba kama kijiti kilichochorwa. Nilikaa naye robo saa nzima.

Kiwavi wa nne niliyemfuga aliniletea jibu, na jibu lenyewe lilikuwa nusu. Alikuwa wa kahawia iliyoiva, mwenye mbio, sura kama ya yule wa siku ya kwanza. Alipoacha kula nilimwekea majani makavu na kipande cha gome. Usiku wa pili alianza kufuma. Kwa tochi yenye mwanga mwekundu nilimwona akikizungusha kichwa kwa umbo la nane, polepole, bila kupumzika, na kila anapogeuka vinyweleo vyake vinang'oka na kunaswa kwenye nyuzi. Kifuko kilichotokea kilikuwa cha hariri chache na manyoya mengi. Alijijengea nyumba kwa koti lake mwenyewe. Kesho yake ndani ya kifuko, kupitia upenyo, niliona ngozi ya mwisho imesukumwa kando kama nguo kuukuu, na bundo, yaani hatua ya kati ya kiwavi na nondo, jekundu-jeusi limelala.

Siku ya 19, saa nne usiku, alitoka. Kwanza lilikuwa donge lililolowa, mabawa madogo kama kucha. Alipanda ukuta wa chupa kwa kutumia kitambaa, akaning'inia, na mabawa yakaanza kushuka, yakinyooka kama shuka linalokunjuliwa. Ilichukua kama dakika 25. Alikuwa mweupe pe, na vidoa vyeusi vichache juu ya mabawa ya mbele. Kifua kilikuwa na manyoya meupe mengi mno, kana kwamba yale aliyoyaacha kwenye kifuko yameota upya kwa rangi nyingine. Nilipomsogeza kidogo kwa brashi alijiangusha, akavuta miguu, akakunja tumbo. Na tumbo lilikuwa la njano iliyokolea, lenye safu ya madoa meusi katikati. Rangi yote ya onyo ilikuwa imefichwa pale. Akiwa ametulia huwezi kuiona.

Nilipiga picha 40. Nilimwonyesha mtu anayefanya kazi ya kutunza mkusanyiko wa wadudu, nikiwa na hakika atanipa jina kamili. Alizitazama zote kwa utulivu, akaniuliza maswali: kipapasio cha dume au jike? Miguu ya mbele ina rangi gani upande wa juu? Mabawa ya nyuma umeyapiga? Nilikuwa na majibu mawili kati ya matatu. Akaniambia, "Andika Arctiinae, karibu na jenasi ya Spilosoma, usivuke hapo." Nondo weupe wenye vidoa ni wengi, akaeleza, na baadhi hawatofautishiki mpaka viungo vya uzazi vichunguzwe chini ya darubini. Nilitaka kubishana. Nilipofika nyumbani nililiandika neno lake kama alivyolisema, na kadiri ninavyoendelea ndivyo ninavyoona kwamba lilikuwa neno la uaminifu. Jina la uongo likishaandikwa chini ya picha, wengine watalinganisha nondo wao kwa hilo, na kosa litazaa.

Kutokana na maswali yale matatu, kila nondo sasa nampiga kwa mpangilio: juu, ubavuni, usoni, na mara moja akiwa amefunua mabawa ya nyuma. Hilo la mwisho linahitaji subira. Arctia caja, ambaye Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeainisha viumbe, alimpa jina mwaka 1758, mabawa yake ya mbele ni kahawia yenye mito ya rangi ya maziwa, na akifunga yanamvunja umbo kabisa. Akishtuka huyafungua, na ya nyuma yanatokea: machungwa makali yenye madoa ya samawati iliyokolea. Ukimpiga picha akiwa amelala umepata nusu ya nondo. Hypercompe scribonia wa Amerika naye ana siri kwenye kiwavi: ni mweusi tii, manyoya magumu, na mikanda yake myekundu iko kwenye maungio ya pingili na pingili, hivyo huonekana vizuri anapojikunja duara.

Tena wapo marara wasio na sura ya marara hata kidogo. Nondo wa jenasi ya Amata ana mwili mwembamba mweusi wenye pete za njano au nyekundu na mabawa yenye madirisha ya kupitisha mwanga; nilimwandika nyigu mara mbili kabla sijaona vipapasio vyake na magamba ya mabawa. Kuna pia wale wadogo wa kabila la Lithosiini, wembamba, wengi wa kijivu au njano, ambao viwavi wao hula kuvumwani, yaani kuvu na mwani walioungana, juu ya mawe na magome. Hao niliwapita kwa miaka, kwa kuwa nilikuwa natafuta manyoya makubwa.

Usiku ninatandika shuka jeupe mbele ya taa na kukaa upande. Usiku mmoja nilikuwa nachezea funguo mkononi, zikalia, na nondo mmoja aliyekuwa anazunguka taa akaanguka kama jiwe. Nikatikisa tena, mwingine akapinda ghafla na kutokomea gizani. Funguo zikigongana hutoa pia sauti za juu kuliko tunazoweza kusikia, zinazokaribiana na za popo, na nondo marara wana masikio kifuani yanayozisikia. Wengine humjibu popo kwa milio yao wenyewe, inayotoka kwenye vibamba vidogo kando ya kifua. Mwaka 2009 Aaron Corcoran na wenzake walionyesha kwamba Bertholdia trigona hutoa milio mingi kwa kasi hadi popo anapotea shabaha. Nilirudisha funguo mfukoni, maana nilikuja kuwatazama na hapo nilikuwa nawatisha.

Taa naizima kabla ya usiku wa manane, na shuka nalikung'uta kwenye majani mbali kidogo. Mwanzo nililiacha mpaka asubuhi, nikakuta ndege wameshajua. Chini kulikuwa na mabawa matupu, meupe, yenye vidoa.

Ninapoandika haya kuna kiwavi ndani ya chupa. Nilimkuta siku 11 zilizopita akivuka njia, wa kahawia, kichwa cheusi, anakimbia. Safari hii nina picha za kila upande, nimeangalia mgongo wa nyuma na haukuwa na vitundu, vikulabu nimeviona kwenye kioo. Jana aliligusa jani la kwanza, la pili, la tatu, akayaacha yote. Leo amepanda kwenye gome na kutulia, na kuna uzi mmoja mwembamba unaong'aa kutoka mdomoni mwake hadi kwenye kitambaa.